720720 ina vigawo 240: ni bahati au kuna sababu?

Msomaji ameniandikia hivi: «Shikamoo Mwalimu. Nimeandika programu ndogo ya kuhesabu vigawo vya kila namba kuanzia 1 hadi milioni moja. Hakuna namba iliyozidi vigawo 240, na ya kwanza kufika hapo ni 720720. Baada yake zimefika nne tu: 831600, 942480, 982800 na 997920. Je, ni bahati ya tarakimu zake, maana ni 720 iliyoandikwa mara mbili? Na mtu wa hisabati akipewa namba kubwa kama hii, anaiweka kwenye makundi gani, na anatazama nini?»

Marahaba. Kwanza nikupongeze, programu yako imehesabu sawasawa. Hizo tano ndizo zote zenye vigawo 240 chini ya milioni moja, na hakuna iliyozidi hapo.

Swali la tarakimu nitalijibu kwanza kwa sababu linatufungulia mlango wa mengine yote. Namba yoyote ya tarakimu sita ambayo tatu za mwanzo zinarudiwa ni zao la hizo tatu na 1001. Kwa hiyo 720720 ni 720 × 1001. Nayo 1001 ni 7 × 11 × 13. Ukiandika tarakimu tatu zozote ukazirudia, namba utakayopata lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Hilo peke yake halileti vigawo 240. Chukua 538538: ni 538 × 1001, na 538 ni 2 × 269, ambapo 269 ni namba tasa. Ukihesabu vigawo vyake unapata 32 tu. Kurudia tarakimu kumeipa 720720 vigawo tasa vitatu vizuri, lakini kazi kubwa imefanywa na ile 720, ambayo ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6, yaani 2⁴ × 3² × 5. Tukiunganisha:

720720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Mstari huu ndio ninaoutafuta kila ninapopewa namba kubwa, kabla ya kitu kingine chochote. Karibu kila kundi ambalo namba inaweza kuwekwa ndani yake linasomwa hapo.

Tuanze na zile 240. Kigawo cha 720720 kinatengenezwa kwa kuchagua. Unaamua kitabeba 2 ngapi: hakuna, moja, mbili, tatu au nne, yaani njia tano. Unaamua 3 ngapi: njia tatu. Halafu kwa kila moja ya 5, 7, 11 na 13 unaamua ichukuliwe au iachwe: njia mbili mbili. Zidisha 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, unapata 240. Ndiyo maana ukubwa wa namba hausemi chochote kuhusu wingi wa vigawo vyake. 524288 si ndogo, lakini ni 2¹⁹, na vigawo vyake ni 20 basi.

Sasa, kwa nini hakuna namba ndogo kuliko 720720 inayofikia 240? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo utamu ulipo. Chukua 55440, ambayo ni 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11. Ina vigawo 120, na yenyewe ni bingwa: hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi kiasi hicho. Tuseme tunataka kuikuza tupate vigawo vingi zaidi kwa gharama ndogo. Tukiizidisha kwa 9 tunaongeza 3 mbili, tunapata 498960 yenye vigawo 200. Tukiizidisha kwa 10 tunaongeza 2 moja na 5 moja: 554400, vigawo 216. Kwa 11 tunarudia kigawo ambacho tayari kipo, na hiyo ni hasara, kwani vigawo vinashuka hadi 180. Kwa 12 tunapata 665280, vigawo 224. Kwa 13 tunaleta namba tasa mpya kabisa, na namba tasa mpya huzidisha idadi ya vigawo mara mbili papo hapo: 120 inakuwa 240.

498960, 554400, 665280, 720720. Pitia tena matokeo ya programu yako utaona kwamba hao ndio mabingwa wanaofuatana, kila mmoja akivunja rekodi ya aliyemtangulia. Unaona jinsi namba zinavyoshindana: kuongeza kipeo cha 2 au 3 ni rahisi lakini faida yake inapungua kila mara, na kuleta namba tasa mpya ni ghali lakini kunalipa mara mbili. Kufikia 12 ile njia rahisi bado inaongoza. Kwenye 13 njia ghali inaipita.

Washindani wako wanne wanasimulia hadithi hiyo hiyo. 942480 ni 55440 × 17: imenunua namba tasa mpya, ila imenunua ya bei ya juu. 831600 ni 55440 × 15, na 997920 ni 55440 × 18. Hizi mbili zimeikwepa 13 zikafika 240 kwa kurundika vipeo vya 2, 3 na 5. 982800 imeiacha 11, ikabaki na 13, ikaongeza 3 moja na 5 moja. Zote zimefika, lakini zimechelewa.

Aliyezichunguza namba bingwa kwa kina ni Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, katika makala ndefu aliyoitoa mwaka 1915 akiwa Uingereza. Alionyesha kwamba umbo lao lina sheria. Vipeo havipandi hata mara moja ukienda kutoka namba tasa ndogo kwenda kubwa (4, 2, 1, 1, 1, 1 kwa namba yetu), hakuna namba tasa inayorukwa katikati, na kipeo cha mwisho ni 1 isipokuwa kwa 4 na 36. Sababu ya sheria ya kwanza unaweza kuiona mwenyewe: kama kipeo cha 5 kingekuwa kikubwa kuliko cha 3, ungebadilishana tu, idadi ya vigawo ingebaki ile ile na namba ingepungua. Bingwa hawezi kukubali kupunguzwa bila kupoteza kitu.

Ramanujan hakuishia hapo. Ndani ya mabingwa alichagua kundi dogo zaidi, ambalo mimi huliita mabingwa wa mabingwa. Gawa idadi ya vigawo kwa namba yenyewe iliyopandishwa kwa kipeo kidogo, mfano 0.27, ili ukubwa nao ulipiwe. Kwa 720720 unapata takriban 6.29. Kwa 5040 unapata takriban 6.00. Na ukipita namba zote zilizopo, bila mwisho, hutakuta hata moja inayozidi 720720 kwa kipimo hicho cha 0.27. Namba ambayo kuna kipeo kinachoifanya ishinde namba zote kwa namna hiyo ndiyo inayoingia kwenye kundi hili. Orodha inaanza hivi: 2, 6, 12, 60, 120, 360, 2520, 5040, 55440, 720720. Yetu ni ya kumi.

Kuna njia nyingine inayofika hapa hapa ikitokea upande mwingine. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha namba zote kuanzia 1 hadi 10: ni 2520. Hadi 12 ni 27720. Ikija 13 unapata 360360. Namba 14 na 15 hazibadilishi kitu, kwa sababu 2, 7, 3 na 5 zimo tayari. Ikija 16 inadai 2 ya nne, na hapo inatoka 720720. Hii ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Ukiigawa kwa 17 inabaki 5.

Makundi haya mawili hayalazimiki kukutana. 360360 nayo ni kigawe kidogo cha shirika cha 1 hadi 13, ina vigawo 192, lakini 332640 ilishafika 192 kabla yake, kwa hiyo si bingwa. Hatua inayofuata, yaani 1 hadi 17, inatoa 12252240 yenye vigawo 480, na 10810800 ilishaiwahi kwa vigawo 480 hivyo hivyo. 720720 ina sifa zote mbili kwa pamoja, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko idadi yenyewe ya vigawo.

Hamu ya namba zinazogawanyika vizuri ni ya zamani sana. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipendekeza mji wenye raia 5040 kwa sababu hesabu hiyo inagawika kwa njia nyingi, kwa kila namba kuanzia 1 hadi 12 isipokuwa 11. 720720 ni ile 5040 ikizidishwa kwa 143, yaani kwa 11 iliyokosekana na kwa 13.

Kutoka idadi ya vigawo twende kwenye jumla yake. Hapa ndipo namba zinapogawika makundi matatu ya kale: kamilifu, pungufu na zidifu. 6 ni kamilifu, kwa sababu vigawo vyake ukiiacha yenyewe ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. 8 ni pungufu: 1 + 2 + 4 ni 7. Kwa 720720 huhitaji kujumlisha vigawo 240 kimoja kimoja. Kwa kila namba tasa peke yake, jumlisha 1 na namba zote unazopata ukiipandisha hadi kufikia kipeo chake, kisha uzidishe majibu: (1 + 2 + 4 + 8 + 16) ni 31, (1 + 3 + 9) ni 13, halafu 6, 8, 12 na 14. Zao lake ni 3249792. Toa namba yenyewe, inabaki 2529072, zaidi ya mara tatu na nusu ya 720720. Ni zidifu, tena imezidi kwelikweli. Hata ukiivua 2 zake zote ikabaki 45045, ambayo ni witiri, bado ni zidifu, na namba witiri zilizo zidifu si za kuokota kila mahali; ya kwanza kabisa ni 945.

Uwiano wa jumla ya vigawo vyote kwa namba yenyewe, yaani 3249792 kwa 720720, ni 248/55, takriban 4.509. Uwiano huu unaigusa mojawapo ya hoja ngumu kuliko zote katika hisabati. Mwaka 1984 Guy Robin, mwanahisabati wa Ufaransa, alithibitisha kwamba nadharia tete ya Riemann, dai maarufu kuhusu mpangilio wa namba tasa ambalo bado halijathibitishwa, ni ya kweli ikiwa, na ni pale tu ambapo, kila namba kubwa kuliko 5040 ina uwiano ulio chini ya zao la 1.781 (kwa kukadiria) na logi asilia ya logi asilia ya namba hiyo. Kwa 720720 mpaka huo ni takriban 4.634. Sisi tuko 4.509. Tumepita chini ya dari, lakini kichwa kiko karibu nayo. Kwa 5040 uwiano ni 3.838 na dari ni 3.817, kwa hiyo 5040 inatoboa, na ndiyo ya mwisho inayojulikana kutoboa. Anayetaka kuipinga nadharia hiyo kwa njia hii atazitafuta namba za aina ya 720720, zilizojaa vigawo hadi ukingoni, ila kubwa mno kuliko hii.

Sasa igeuze namba upande wa pili: ni namba ngapi kati ya 1 na 720720 ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Ni 138240, chini ya moja kwa kila tano. Hao wachache wana tabia moja ya ajabu. Chukua yeyote kati yao, mfano 17, uizidishe yenyewe kwa yenyewe mpaka ufike 17⁶⁰, kisha gawa kwa 720720. Baki ni 1. Ukichukua 19, 23 au namba tasa yoyote kubwa kuliko 13, ni hivyo hivyo. Nadharia ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, ingetuahidi hilo kwa kipeo cha 138240. Robert Carmichael, wa Marekani, ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kupata kipeo kidogo kuliko vyote kinachotosha: ni kigawe kidogo cha shirika cha 4, 6, 4, 6, 10 na 12, namba moja kwa kila kipande cha ule mstari wetu wa vigawo tasa, nacho ni 60.

Kuhusu miraba nitapita haraka. 720720 haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, kwa sababu 7 imo mara moja tu, na 7 ikigawanywa kwa 4 hubakiza 3. Sheria hairuhusu namba tasa ya aina hiyo kuwemo kwa kipeo witiri. Miraba mitatu inatosha: 848² + 40² + 4². Kama tofauti ya miraba miwili inaandikika kwa njia 72, na iliyo nzuri kuliko zote ni 849² − 9². Jaribu kwa kalamu: 849² ni 720801, ukitoa 81 unarudi nyumbani. Kutoka hapo unapata pia 840 × 858, vigawo viwili vinavyozidishana vilivyo karibu kuliko vyote.

Zipo sifa nyingine ambazo nazipenda ila naziweka kwenye rafu tofauti, kwa kuwa zinategemea jinsi tunavyoiandika namba. Jumla ya tarakimu zake ni 18, na 720720 inagawanyika kwa 18, jibu 40040. D. R. Kaprekar wa India aliziita namba za aina hii Harshad. Iandike kwa 0 na 1 kama kompyuta inavyofanya, utapata 10101111111101010000. Funika sifuri nne za mwisho: 1010111111110101 inasomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Mara ya kwanza nilipoiona niliiandika upya nikidhani nimekosea. Zile sifuri nne zina sababu, ni 2⁴. Kusomeka sawa pande zote mbili sijaona sababu yake zaidi ya kutokea tu, na kungepotea kama tungeandika kwa mfumo mwingine. Vigawo 240 vingebaki kwa mfumo wowote. Swali lako la bahati ya tarakimu ningeligawa hivyo hivyo.

Jirani zake nao wanafaa kutazamwa. Kwa kuwa 720720 inagawanyika kwa kila namba hadi 16, 720719 na 720721 haziwezi kugawanyika kwa namba yoyote kati ya 2 na 16. Wengi hurukia kusema basi ni tasa. Si tasa. 720719 ni 31 × 67 × 347, na 720721 ni 71 × 10151. Jirani wa namba tajiri hulazimika kuwa maskini wa vigawo vidogo, ila halazimiki kuwa tasa.

Bado, yule jirani wa chini anajengeka wote kwa mali ya 720720. Kila namba kuanzia 1 hadi 3249792 inaweza kuandikwa kama jumla ya vigawo vya 720720 bila kurudia hata kimoja. Namba zenye uwezo wa kuzijenga hivyo zote zilizo ndogo kuliko zenyewe A. K. Srinivasan aliziita namba za vitendo mwaka 1948. Kwa 720719, njia mojawapo ni 360360 + 240240 + 80080 + 36036 + 3960 + 42 + 1.

Sasa ongeza kikomo cha programu yako kifike milioni moja na nusu. Utakutana na mabingwa wawili wapya: 1081080 yenye vigawo 256, kisha 1441440 yenye vigawo 288. Ya pili ni 720720 mara mbili. Ya kwanza ni 720720 mara moja na nusu, yaani imetoa 2 moja ikaweka 3 moja. Zivunje zote mbili ziwe vigawo tasa, andika vipeo vyake chini ya 4, 2, 1, 1, 1, 1, uone faida na hasara ya kila badiliko. Ukimaliza niandikie ulichokiona kwenye 1081080, kwa sababu hapo kuna swali nililokuachia kwa makusudi: kwa nini ni bingwa, na kwa nini haimo kwenye ile orodha ya mabingwa wa mabingwa?